Mke wa Mi-temps

Mpaka leo mtu akitaja Kiingereza mbele ya jamaa yangu, wote wananigeukia mimi, na mimi najifanya natafuta kitu ndani ya sakoshi, mkoba wangu. Wana haki. Siku tulipokwenda kumposea mdogo wangu Fiston, nusura nimpotezee mke, na si kwa ubaya wowote, ni kwa neno moja tu nililoona haya kuliuliza.

Inonge, binti aliyependwa na Fiston, ni Mlozi wa Zambia, wa kule magharibi, mbali sana na mpaka wetu. Wangekuwa Wabemba tungeelewana bila shida, maana hapa Lubumbashi Kibemba hakikosi mtu wa kukijibu, lakini Kilozi hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukisikia, kwa hiyo mjomba wake alipofika kwa mazungumzo ilibidi Kiingereza, na papa akasema atamtafuta mtu anayekijua. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi. "Papa, ya nini kusumbua bantu? Miye niko." (Kiingereza changu chote nilikiokota mpakani nikinunua viatu vya kuuza: bei gani, punguza kidogo, namba kubwa hakuna? Bibi harusi haulizwi namba, lakini nani angenizuia?)

Tulikutana Kasungami, pembeni mwa Lubumbashi, nyumbani kwa kaka yake Inonge. Kaka huyo anajua Kiswahili vizuri, na Inonge anayekaa naye pia, ila saa ile kaka alikuwa ametoka kutafuta barafu ya vinywaji. Inonge alikuwa chumbani, maana binti haonekani mpaka aitwe, na Fiston kwa desturi hakuruhusiwa kufungua mdomo. Basi nyumba nzima ulimi ulikuwa wangu peke yangu.

Mwanzo ulikwenda vizuri, niseme ukweli. Mjomba, mzee mrefu mwenye koti la kijivu, alisema polepole kwamba wametukubali, nikatafsiri, na Tantine Charlotte (dada yake papa, mwanamke asiyeogopa swali lolote) akapiga vigelegele. Mzee akasema harusi iwe mvua zikiisha, nikatafsiri hilo pia, na tayari nilikuwa nimekaa kama waziri, mguu juu ya mguu. Kisha mzee akasema: "In the meantime", binti atakaa hapa kwa kaka yake.

Lile neno sikulijua. Ningeuliza tu, mzee angenieleza, lakini papa alikuwa ananiangalia kwa fahari ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake, na masikio yangu yalikuwa yamesikia mi-temps, Kifaransa chetu cha kila siku, ile nusu ya mpira wachezaji wanapopumzika, na pia kazi ya nusu siku, ile unayoingia asubuhi na mchana umesharudi nyumbani.

"Anasema, mi-temps, binti atabakia kwa kaka yake."

Papa alinigeukia. "Mi-temps namna gani? Tunaoa nusu ya muntu?"

Hata hapo ningeweza kurudi nyuma. Nikaenda mbele. Nikaeleza kwamba labda ndiyo desturi ya kwao, binti anaolewa sawasawa lakini anakuwa mke nusu ya siku, nusu nyingine anarudi kwa kaka yake, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuamini mwenyewe.

Tantine Charlotte akaniinamia. "Uliza huyu mzee: na busiku iko ya nani?"

Nikauliza, kwa Kiingereza changu cha viatu. Mzee aliweka glasi yake mezani taratibu sana. Kwake yeye binti bado hajaolewa, na hawa wageni wamekaa mbele yake wanadai usiku wake kabla ya harusi. Akajibu kwa ukali kwamba in the meantime hakuna usiku hata mmoja. Nami, mkalimani mwaminifu, nikawaambia watu wetu nilichosikia: mi-temps, na bila usiku.

Papa akasimama akachukua kofia yake. Tukasimama wote. Mzee naye akasimama, na Fiston akanitazama tu, macho yamejaa maji, hana ruhusa ya kusema. Nilitamani sakafu inimeze.

Hapo pazia likafunguka, Inonge akatoka bila kuitwa, kitenge amejifunga upesi upesi, akapiga magoti mbele ya mjomba wake akamweleza kwa Kilozi, kisha akamgeukia papa.

"Papa, meantime haiko mi-temps. Anasema, wakati tunangojea ndoa, miye nabakia hapa. Ndoa ikifika nitakuya kwenu, muchana na busiku."

Papa akakaa, kofia mkononi. Mzee akamuuliza Inonge jambo, akajibiwa, na mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka anajifuta machozi kwa kona ya koti. Papa akafuata. Nilimkumbatia yule binti nikamng'ang'ania kama mimi ndiye niliyekuja kumposa.

Baadaye, tukiwa jikoni, alinifundisha vizuri, akiniita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, ile neno iko ya pakati. Kitu moja inakuya lakini haiyafika, na ingine inaendelea. Maji ya bukari iko ku moto, meantime tunasafisha masahani." Rahisi kama huo ugali! Na mimi nilikuwa nimeshavunja ndoa.

Walioana mvua zilipokwisha, wanaishi vizuri. Tangu siku ile neno nisilolijua naliuliza palepale, hata mbele ya gavana. Haya ya kuuliza inapita kabla bia haijapata joto. Ile ya kujifanya najua, watoto wa Fiston wanaisimulia mpaka leo, na hawakuwepo.