Lawama Zilizomwangukia Dada

Mama alipopasuliwa nyongo hospitalini Mahajanga, Bukini, nilikuwa nimepita miaka arobaini. Tangu niondoke kisiwani kwetu, Nosy Be, mwishoni mwa miaka ya sabini, sikuwahi kukaa naye wiki nzima. Mimi nilikuja kutoka Toamasina nilikokuwa nikiishi, na kabla ya hapo niliishi Mayotte. Dada yangu alitoka na mama nyumbani, Andoany, mji wa hapo Nosy Be, kwa meli, amebeba mkeka, sufuria na makaa, maana mgonjwa kule hulishwa na jamaa zake.

Daktari alituonya kwa Kifaransa kwamba kwa mtu wa umri ule, nusukaputi huweza kuvuruga fikra kwa siku kadhaa. Nikaanza kumfasiria dada, mimi niliyefika sekondari.

"Nimemwelewa," akanikata. "Ni nani kila siku anayempeleka mama kwa daktari?"

Mama aliamka na sauti yake ileile, ila sisi alikuwa ametubadilisha, kila mmoja mahali pa mwenzake. Alinishika mkono akawaambia wagonjwa wa vitanda vya jirani, kwa Kisakalava, lugha ya watu wa huko, "Huyu hajaniacha hata siku moja. Nikiwa na homa ndiye anayeniogesha. Ndiye anayenichemshia maji ya ukoko wa wali ninywe."

Wanawake wale wakanisifu: wanaume wa namna hii wamekwisha duniani! Nikatabasamu. Mkono wangu nikauacha palepale mkononi mwake.

Kisha akamgeukia dada, aliyekuwa anakamua kitambaa, na sasa akasema kwa Kikomoro chetu cha nyumbani. "Na wewe, umefuata nini? Umekuja kutazama kama nimekufa?"

Mimi mama hakuwahi kunigombeza. Kila niliporudi alinikaangia samaki, akauliza kama nimelala vizuri, wala hakuuliza naondoka lini. Nilidhani hana neno na mimi. Kumbe aliyaweka yote, na sasa yalitoka mbele yangu yakimwendea mwingine. Idi niliyoahidi kuja, sahani yangu ikafunikwa hadi wali ukachacha. Mke niliyemwoa nikamwachia mama ambembeleze. Baba alivyoniulizia siku zake za mwisho, mpaka ulimi ukawa mzito. Hapakuwa na hata moja la dada. Niliyasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

"Niwie radhi, mama," dada akasema.

"Utaondoka tena?"

"Siondoki."

"Basi nimekuwia radhi."

Akafumba macho. Nikamfuata dada hadi bombani.

"Kwa nini hukumwambia kuwa si wewe?"

"Nibishane naye, na kidonda kibichi vile? Na wewe je, kaka, kinywa chako nacho walikishona?"

Siku chache baadaye fikra zilimrudia mama. Tangu pale aliposukumwa kuingia chumba cha upasuaji, hakukumbuka kitu. Alimwita dada kwa jina lake, akalalamika kuwa uji hauna chumvi, akaniuliza mimi kama nimelala vizuri. Kwa uso uleule wa siku zote.

Lazima niseme nilichokiwaza wakati ule: kwamba naweza kuondoka. Mama amesahau, radhi imekwisha kutolewa, na dada si mtu wa kusimulia. Niliwaza hivyo huku nikimtazama dada akimlisha kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu.

"Mama," nikasema, "niwie radhi."

"Kwa lipi tena, mwanangu?"

"Kwa yote."

Dada akacheka puani. "Yote! Hata muuza samaki hutaja samaki wake mmoja mmoja."

Mama akamtazama yeye, akanitazama mimi. Akakisukuma kijiko pembeni. Kisha, polepole, akishika kidonda chake, akajisogeza upande wa ukutani ili nipate mahali pa kukaa.