Mshambuliaji wa Injini Moja

Timu ya mtaa wetu, Kalemie, ilinunua mshambuliaji kutoka Mpala, kijiji cha ziwani, kwa injini ya mtumbwi. Injini ilikuwa ya prezida wa timu, nayo ilikuwa nzima. Watu walibishana msimu wote kama tulipata faida au hasara, na katika kelele zile hakuna aliyekumbuka kwamba injini haikuondoka peke yake. Niliondoka nayo.

Sokoni kwetu, mama akikupimia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, huongeza kiganja kimoja juu ili urudi kesho. Ndiyo matabishi. Viongozi wa Mpala nao walitaka matabishi. Komite yetu ikajikuna vichwa. Mpira hatukuweza kuutoa, tulikuwa nao mmoja tu. Prezida akageukia benchi.

“Huyu wa namba kumi na moja,” alisema, “anakula kidogo. Na hasemi.”

“Anajua kucheza?” waliuliza wageni.

“Anacheza, Papa. Polepole, lakini anacheza,” prezida alijibu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeishia la sita la msingi, na kweli nilikuwa sisemi. Nilitaka kuwaambia kwamba papa, baba yangu, ambaye hajawahi kuniona nikicheza, alikuwa ameahidi kuja siku ya mechi yetu na timu ya watu wa reli. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia. Katibu akaandika kwamba nimekubali.

Mshambuliaji mwenyewe walimchagua hivi. Komite ilisafiri hadi Mpala, ikakaribishwa ugali na samaki. Kipindi cha kwanza walikisikiliza wakiwa mezani. Cha pili walikiona: jamaa alifunga magoli manne, na katibu akarekodi kwa simu. Mtaani tuliitazama video ile mpaka simu ikapata moto. Hakuna aliyeuliza kwa nini nyumba zote nyuma ya goli zimeinama upande mmoja, kama zimekunywa.

Nilielewa siku yangu ya kwanza Mpala. Katibu alikuwa ameinamisha simu ili uwanja ukae vizuri. Uwanja wao unateremka kuelekea ziwani. Kwa heshima, mgeni hupewa kuteremka kwanza. Baada ya mapumziko mgeni hupanda, ulimi nje, na wenyeji wanashuka. Hapo ukigusa mpira unaenda wenyewe, kazi yako ni kuufuata. Kipindi cha kwanza, niliambiwa, yule jamaa alikuwa anakipumzikia.

Uwanja wetu wa Kalemie ni mchanga, na umelala kama meza.

“Yaya, leo tena yule wa injini amesukuma mpira akaungoja uende,” mdogo wangu aliniambia kwenye simu; yaya kwetu ni kaka mkubwa. “Haukuenda.”

“Na prezida?”

“Anasema mutu wa bei kali hawezi kutolewa. Akimutoa, watu watasema injini imetupwa majini.”

“Na huyo jamaa analala wapi?”

“Kwenye kitanda yako. Komite ilisema huku kwetu kuna nafasi. Mama amechoka. Asubuhi jamaa anakula kama mutu mwenye mechi, mangaribi anakula kama mutu aliyeshinda.”

Mimi Mpala nilipewa kazi ya kupandisha mpira mlimani, kwa sababu wengine hawakuitaka. Mtu wa polepole hachoki haraka. Nikaanza kufunga kipindi cha kwanza, upande wa mlima, ambako watu wa pale walikuwa hawajazoea kuona goli la kwao. Wakanipa namba tisa. Injini nayo ilikuwa inapeleka abiria kati ya Kalemie na Moba, na kwa nauli zile timu ilinunua mipira miwili na nyavu.

Wiki moja kabla ya mechi na watu wa reli, komite yetu ilishuka ufukweni Mpala. Walikuja na mtumbwi wa injini ile, wakalipa nauli kama abiria wote.

“Huyu kijana tuliwaazima tu,” prezida alianza.

Kiongozi wa Mpala, mvuvi wa mikono mipana, alicheka. “Papa Prezida, matabishi hairudishwi, samaki imeshaingia sufuria. Lakini muulizeni mwenyewe.”

Wote wakanigeukia. Nilikuwa sijawahi kuulizwa kitu na komite yoyote.

“Mechi ya reli nitacheza?” niliuliza.

“Utacheza sana!” prezida alisema. “Upande wa kushoto. Utamupelekea mwenzako mipira mpaka miguuni, yeye amalizie. Watu waone ile bei.”

“Mimi nafunga, Papa. Nipeni namba tisa.”

“Namba tisa iko na mwenyewe, tulishailipia. Wewe mwanangu, tulikulipia nini?”

“Basi nabaki.”

“Unasema?”

“Nabaki.”

Sauti yangu ni ndogo, na prezida aliweka mkono sikioni kunipa nafasi ya kubadilisha. Nikalisema mara ya tatu, na wanawake waliokuwa wakianika ndagala wakapiga vigelegele. Prezida akaanza kuuliza mtumbwi wa kurudi unaondoka saa ngapi.

Jioni nilimpigia papa. Nilimwambia mechi ya reli sitakuwepo, na kama anataka kuniona, aje Mpala Jumapili. Aliuliza nauli. Kisha akauliza nitakuwa upande gani wa uwanja, ajue pa kusimama.

“Kipindi cha kwanza,” nilimwambia, “simama juu.”