Gurudumu Nalo Hutaka Kupumua

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Dundori, mwanangu, nikiwa nimechuchumaa kando ya gari-nyumba kuukuu, grisi mpaka kwenye nyusi, nikijiona fundi kuliko mafundi wote wa Nakuru. Usicheke. Najua wanaotoa nasaha huwa na mvi, na mimi sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini wewe ungali tumboni, unanipiga mateke ninapoandika haya, na kwako mimi tayari ni mzee.

Gari lenyewe lilikuwa limeachwa kwenye shamba la zamani la walowezi. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko dogo, mapazia ya maua, na kuku watatu waliokataa kuhama. Nililitaka kwa ajili ya Shosho, nyanya yangu aliyenilea. Kiuno chake kilikuwa kimekataa kabisa kukaa kwenye kiti cha gari, na mdogo wake wa pekee anaishi Olenguruone. Walikuwa hawajaonana miaka sita, na kila mmoja ameshapita themanini. Nikawaza: ikiwa hawezi kusafiri ameketi, basi atasafiri amelala.

Ufundi nilijifunza kwenye simu, video baada ya video. Nilikuwa na daftari la kuandika kila hatua, na bado usingizi ulinipaa. Nilijua kwamba beringi za magurudumu ya mbele, vile vyuma vya mviringo vinavyoliwezesha gurudumu kuzunguka, zilikuwa zimekwisha, kwa maana zililia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikazitoa, nikaosha vitovu vya magurudumu kwa mafuta ya taa, nikazipaka grisi beringi mpya kwa kiganja mpaka ikapenya kila mwanya. Hapo sikukosea. Hata leo najisifu kidogo.

Kosa lilikuja kwenye nati. Nati ya gurudumu la mbele hushikwa na pini inayopita kwenye tundu, ili isijifungue njiani. Upande wa kushoto, tundu halikulingana na nati. Ningeweza kuirudisha nyuma kidogo. Lakini mimi, mwanangu, nilikuwa mtu wa kuogopa kulegea. Niliona kulegea ni uzembe. Nikaisogeza mbele, nikakaza, nikakaza tena, pini ikaingia.

Shosho alikuwa amesimama akiegemea ua, anatazama. Huyu ni mwanamke aliyepeleka maziwa kwa mkokoteni wa punda miaka thelathini, na mkokoteni wetu, kama ilivyo mingi huku, ulitengenezewa ekseli na magurudumu ya gari la zamani.

"Nyambura, hiyo umekaza sana," akasema.

"Shosho, hili ni gari, si mkokoteni."

"Haya, fundi wa simu. Punda hajawahi kuuliza gurudumu limetoka wapi."

Tuliondoka baada ya chai. Shosho amelala kitandani, blanketi mpaka kidevuni, akiimba nyimbo za kanisani na kupungia watu dirishani kama bibi harusi. Tukashuka mpaka Nakuru, tukapita Njoro. Furaha ilinijaa mpaka nikasahau kuogopa. Kisha wimbo ukakatika.

"Simama!"

"Kuna nini?"

"Nasikia harufu ya grisi ikiungua. Simama, mtoto, kabla gurudumu halijatuacha."

Nikasimama kando ya barabara. Shosho akashuka polepole, akainama kwa fimbo yake, akatema mate kwenye kitovu cha gurudumu la kushoto. Mate yakachemka, tsss, yakakauka. Akilini nilimwona nyanya yangu amelala mtaroni, na mdogo wake akingoja langoni bure.

Mwendesha bodaboda akasimama. "Niaje, boss? Hii nyumba inahamia wapi?" Akaona moshi mwembamba. "Nimwage maji?"

"Ukimwagia chuma cha moto maji, kinapasuka," Shosho akamwambia. "Wewe tafuta mawe, uzuie magurudumu ya nyuma."

Nikaanza kulia. Nikasema mimi si fundi, nimeharibu kila kitu, turudi nyumbani. Shosho akanitazama kama anavyomtazama punda aliyegoma.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na koleo lako halijavunjika hata. Pangusa kamasi, ulete jeki."

Tulingoja chuma kipoe, tukila viazi baridi. Kisha nikafungua. Beringi zilikuwa hazijageuka rangi wala kuchubuka, tulikuwa tumewahi. Nikaziosha, nikapaka grisi mpya, nikarudisha. Shosho akashika gurudumu kwa mikono miwili.

"Kaza huku mimi nalizungusha, mpaka likatae. Sawa. Sasa rudisha nati nyuma kidogo. Kidogo tena. Unasikia?"

Nikashika. Gurudumu lilizunguka lenyewe, na nilipolitikisa, nikahisi likicheza kidogo sana, kama jino la mtoto linapoanza kulegea.

"Hiyo nafasi si uzembe," akasema. "Hapo ndipo linapumulia. Weka pini."

Tangu Njoro mpaka Olenguruone tulisimama mara tatu. Kila mara alitaka nishike kitovu kwa mgongo wa mkono. Kilikuwa vuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichosahaulika. Tulipofika, mdogo wake alikuwa langoni, na neno lake la kwanza baada ya miaka sita lilikuwa, "Umenenepa!" Walicheka mpaka wakashikana ili wasianguke.

Basi, mwanangu, nakuachia haya. Fanya kazi yako vizuri, osha, paka grisi, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukishakaza, rudisha nyuma kidogo. Kwa kazi, kwa watu unaowapenda, na kwako mwenyewe. Nami nakuahidi kujaribu, maana hata hujazaliwa na tayari nimeandika daftari zima juu yako. Na mwenye mkokoteni akikuonya, msikilize.

Mungu akupe barabara ndefu na watu wa kukungoja langoni. Na kila utakaposimama njiani ukashika gurudumu lako, mkono wako usiungue.