Mwalimu Kemunto Ashika Bisibisi

Tangu astaafu, Mwalimu Kemunto wa Ekerenyo alikuwa akiandika kamusi ya Ekegusii. Ilipofika maneno elfu tatu, kipakatalishi chake kikuukuu kikalemewa. Alikuwa anakiwasha, anaenda kukama ng'ombe, anarudi na kukuta hakijafunguka.

“Nunua kingine,” wanawe walimwambia. Yeye akakipeleka Nyamira mjini kwa fundi, Ruqiya.

Ruqiya alikipima akacheka. “Hiki kizima, Mwalimu. Kimepungukiwa na memori tu.” Kisha akampa bisibisi. “Fungua mwenyewe. Nitakuonyesha.”

Mikono iliyoshika chaki miaka thelathini na minne ikalegeza skrubu moja moja. Alichomoa kipande cha memori cha zamani, akachomeka kipya chenye nafasi mara nne, akakibonyeza mpaka vibanio vya pembeni vikalia ka!

Walipowasha kipakatalishi, kamusi ilifunguka kabla hajavaa miwani. Mwalimu alipiga vigelegele hata wauza ndizi wa pale nje wakaingia kuuliza nani amejifungua.

“Nitajieni neno lolote la Ekegusii walilotumia nyanya zenu,” akawaambia. “Nitawaonyesha limo humu.”

Wakashindana kumtajia. Maneno mawili hayakuwamo. Akayaandika papo hapo, huku akicheka.