Siku Nilipozomewa Woodbury

Binti yangu alikuwa na adabu mpaka nikaanza kuiogopa. Alikuwa na miaka tisa. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, bibi yake akamlea Tabora, mimi nikabaki huku Minnesota kutafuta maisha. Nilipomleta nyumbani kwangu Maplewood, kila nilichouliza kilijibiwa vilevile. Ugali umeungua, utakula? Ndiyo, baba. Umelala vizuri? Ndiyo, baba, na macho mekundu. Baba gani anajibiwa kama polisi! Nilitamani anibishie, hata siku moja tu.

Ndiyo maana nilikubali pale nesi mwenzangu, mama mmoja wa Kiingereza, aliponiomba niigize katika pantomaimu yake kwenye ukumbi wa kanisa, Woodbury. Kwao huo ni mchezo wa Krismasi wa familia nzima, na watazamaji hawakai kimya. Adui akiingia, anazomewa. Akisema neno, watoto wanambishia, naye anawarudishia, mara tatu. Mimi nilipewa uadui, eti kwa sababu ya sauti yangu. Nisipozomewa, aliniambia, nimeharibu mchezo.

Siku yenyewe niliingia kwa kushoto, upande wa adui, na joho jeusi mpaka chini. Ukumbi mzima ukanizomea, mpaka vikongwe. Binti yangu, safu ya mbele, alikuwa amekunja mikono mapajani kama yuko ibadani. Nilimtazama yeye tu, jasho likinitoka. Zomea basi, mwanangu!

Ikafika sehemu yangu kubwa. Jukwaani walikuwepo bibi mpishi na mjukuu wake. Bibi huyo, kwa mila yao, ni mwanamume mnene aliyevaa gauni na kujaza mito kifuani, na watu walikuwa hoi kwa kicheko. Nikanguruma kwamba mtoto huyu namchukua.

"Humchukui!" watoto wakapiga kelele kwa Kiingereza.

"Namchukua!"

"Humchukui!"

Kelele zilipotulia, ikabaki sauti moja, kwa Kiswahili. Binti yangu alikuwa amesimama.

"Humchukui! Mwache kwa bibi yake!"

Alikuwa analia. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Nilitakiwa kujibu mara ya tatu. Yule mwanamume wa mito akaninong'oneza neno langu, akarudia. Niligeuka nikatoka kwa kushoto.

Tukiwa garini kurudi Maplewood, adabu yake ilikuwa imesharudi.

"Samahani, baba."

Nilishika usukani kwa mikono miwili. Kisha nikamuuliza kama anataka kurudi kwa bibi yake. Tangu aje nilikuwa nikiomba aniambie hapana, na sasa niliitaka hiyo hapana kuliko kitu chochote.

"Ndiyo," akasema. Safari hii hakuongeza baba.