Baiskeli ya Marehemu kwenye Mnada wa Mabati

Mume wangu alifariki mwezi wa tatu, na mwezi wa sita nilikuwa nimesharudi kwenye meza ya mhazini wa kanisa letu pale Nyamuswa. Watu walisema nina moyo mgumu. Sikuwa na moyo mgumu wala laini. Niliamka, nikakamua ng'ombe, nikaenda kanisani nikahesabu sadaka.

Kanisa lilikuwa na kuta bila paa. Miaka ya nyuma, tulipokuwa tukipanga foleni ya sabuni, fedha za paa tulikuwa nazo ila mabati hayakuwepo. Mume wangu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alikwenda Musoma mara nne kwa baiskeli, na kila mara aliambiwa asubiri. Ilipokuja ruksa ya biashara huria, mabati yakajaa madukani hadi nje barazani, lakini kwa bei mpya fedha iliyokuwa itoshe paa zima sasa ilitosha upande mmoja tu. Nilipowaeleza waumini jambo hilo baada ya ibada, mchungaji akatangaza mnada.

Siku ya mnada watu walileta mtama, mihogo, kuku, na dagaa waliotoka kwa ndugu zao wa kando ya ziwa. Kwa kawaida yetu, mtu akinunua yai hulirudisha liuzwe tena, hata yai moja likaingiza fedha kuliko mbuzi. Watu walicheka sana siku ile. Mimi niliandika.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeikokota baiskeli ya marehemu mpaka kanisani bila kumwambia mtu, hata mama mkwe niliyekuwa nikiishi naye. Tangu mazishi ilikuwa imeegemea ukuta wa chumbani, na kila nikifagia nilikuwa naizunguka. Ningependa kusema niliitoa kwa ajili ya Mungu. Nilichoka kuizunguka.

Ilipoletwa mbele, kicheko kilikatika. Mnadishaji alinitazama, nikamwambia aendelee. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, rafiki wa mume wangu, akataja bei. Hakuna aliyeshindana naye, basi akajipandishia mwenyewe mara tatu. Kisha akaja mezani kwangu, akaweka fedha na kuinama.

"Shemeji, nimeinunua ili nikurudishie. Sisi hapa si tunarudishaga?"

"Tunarudishaga mayai, mwalimu. Hiyo nenda nayo."

"Watoto wenu watauliza iko wapi."

"Watauliza," nikasema.

Nikaandika kwenye daftari: baiskeli moja. Nikaandika na kiasi, yeye akasaini. Nikamwita anayefuata, mama mmoja aliyekuwa amenunua debe la mtama.

Jioni mama mkwe aliingia chumbani kuchukua ungo, akatoka bila ungo. Aliniuliza baiskeli iko wapi, nikamweleza yote, na bei iliyouzwa. Alikaa kwenye kigoda mpaka maji ya ugali yakachemka.

"Ungeniambia," alisema, "nami ningeishika kwanza."

Nilisonga ugali, nikampakulia, akala kidogo.

Mabati tulinunua. Yalifunika kanisa lote isipokuwa juu ya mabenchi mawili ya nyuma, na hapo napo tulimalizia baada ya mavuno ya pamba ya mwaka uliofuata. Mchungaji alinishukuru mbele ya watu. Nilisimama, nikapigiwa makofi, nikaketi.

Baadaye sana mke wa mwalimu ndiye aliyenisimulia. Jumatano iliyofuata mnada, mama mkwe alifika kwake peke yake kwa mguu, akaomba kuiona baiskeli. Alishika usukani kwa mikono miwili, akakaa hivyo kwa muda, kisha akashukuru na kuondoka bila hata kunywa maji. Siku ile mimi aliniambia anakwenda kusaga. Alirudi na nafaka ile ile, na mimi niliipokea, nikaiweka mahali pake.