Nyota Zinazofumuliwa Mama Akilala

Mama ameanza kukoroma. Fundi anangoja akorome tena, kwa kuwa mkoromo wa kwanza wa mzee huyu huwa wa kumtega mtu, kisha anavuta kikapu kilicho chini ya kiti cha mama yake na kukipakata.

Ndani mna nyota za kitambaa kizito, nyekundu na kijani, alizozishona mama mwenyewe asubuhi hii. Fundi anachukua wembe, anaupenyeza kwenye ukingo wa nyota ya kwanza, na uzi unaachia. Anatoa pamba, anaichambua, anairudisha. Halafu anatunga uzi mpya na kuanza kuishona upya nyota ile ile, pembe zote tano.

"Naiba," ananong'ona, jicho likiwa kwa mama. "Naiba kazi ya mama yangu mzazi, tena mchana kweupe, ndani ya nyumba yangu mwenyewe."

Mtaani wanamwita Fundi Nyota. Jina lilianza kama utani wa jirani, likanata, na sasa hata wateja wanaomletea suruali za kupunguza humwita hivyo hivyo.

Miezi kumi na moja ya mwaka yeye ni fundi kama mafundi wengine. Anabadili zipu, anatia viraka, anapanua magauni ya watu wanaoapa kwamba hawajanenepa ila nguo imerudi kwa kufuliwa. Krismasi ikikaribia, anaifunika cherehani yake na sebule inageuka karakana ya mapambo: nyota, kengele na malaika wa kutundika kwenye mti na milangoni, vyote vya kushonwa kwa mkono. Mwezi huo mmoja humwingizia karibu theluthi ya kipato cha mwaka mzima, na ndio unaolipa ada ya wanawe wawili shule zinapofunguliwa.

Bahati mbaya, ndio mwezi ambao ukoo mzima humjia. Kaka yake amefika na mke na watoto, shangazi amefika na mabegi yanayoonyesha hana haraka ya kuondoka, na mikeka imetandikwa mpaka kando ya marobota ya kitambaa. Mgeni wa nyumba hii hujifunza mapema kukaa taratibu, maana sindano haichagui mkubwa wala mdogo.

"Mwaka juzi shemeji yangu alikaa pale kwenye kochi," anasimulia Fundi akicheka. "Alivyoruka, tulidhani ameshinda bahati nasibu."

Ufundi ameurithi kwa mama, ambaye ndiye aliyewalea yeye na kaka yake kwa sindano. Kuna hadithi moja anayopenda kuisimulia. Akiwa na miaka kumi na miwili, mama alimpa gauni la mteja alimalizie kwa mkono. Mteja alipokuja kulichukua, aliligeuza nje ndani, akalisifu, akauliza ni nani mwenye mkono ule mzuri.

"Tangu siku hiyo nikajua kwamba mimi nilizaliwa na sindano," anasema, na huwezi kumlaumu kwa kuvimba kichwa kidogo.

Siku hizi macho ya mama yana ukungu na mkono wake unatetemeka. Ukimwambia apumzike, umejitafutia maneno. "Nipumzike nimkodolee nani macho?" husema. "Na macho yenyewe ndiyo haya!" Kila asubuhi huketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, akavaa kidoleni subana yake iliyobonyea, kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano, na kushona nyota mpaka chakula cha mchana.

Mwaka jana, nyota thelathini zilirudishwa. Zilikuwa zimefumukia majumbani mwa watu, pamba ikaning'inia nje. Mwenye duka anayezinunua kwa jumla, mwanamke asiye na maneno mengi, aliziweka mezani na kusema kwamba zikirudi tena atatafuta fundi mwingine. Fundi alizitambua kwa kuzitazama tu. Zote zilikuwa za mama.

Hakumwambia.

"Ningeanzia wapi?" anauliza. "Mtu aliyenishikisha sindano, nimwambie sindano imemshinda? Na mimi nikipoteza duka lile, watoto wangu watasoma kwa fedha gani?"

Mwaka huu duka limeagiza nyota mia tatu. Ndipo Fundi alipobuni wizi wake. Mama anashona asubuhi, na akilala mchana binti anafumua na kushona upya, halafu kikapu kinarudishwa chini ya kiti kana kwamba hakikuguswa. Mwingine anayejua siri hii ni wifi yake, mke wa kaka, aliyepewa kazi ya kukohoa mama akijigeuza.

"Sijawahi kuwa na kifua kibovu kama mwaka huu," anasema wifi kutoka mlangoni.

Lakini siku za mwizi ni arobaini.

Siku ya pili ya ziara yetu ya kuandika habari hizi, wifi anapamba mti mdogo uliowekwa kwenye kona ya sebule. Amechota nyota chache kutoka kikapuni ili watoto waone Krismasi imefika. Mama anatoka chumbani akiupapasa ukuta, kama afanyavyo kila siku, na mkono wake unaangukia nyota moja. Anasimama. Anapitisha kidole gumba kwenye ukingo, taratibu, pembe hadi pembe. Anaiachia na kushika nyingine.

"Hizi kashona nani?"

"Si wewe mwenyewe, Mama?" Fundi anajibu bila kuinua kichwa. "Ni za jana asubuhi."

"Jana asubuhi nilikuwa mashoto," anasema mama.

Hapo Fundi anainua kichwa. Mama amekuwa akishona kwa mkono wa kushoto maisha yake yote, na mishono ya mashoto huinamia upande wake, ya mtu wa kulia huinamia upande mwingine. Katika pupa ya kuifanya minyoofu, mwanamke anayejiona alizaliwa na sindano alisahau jambo ambalo vidole vya mama yake visingesahau. Wifi anakohoa, ila safari hii kikohozi kimechelewa.

Mama anaiachia nyota. Anafika kwenye kiti chake, anaitoa subana mfukoni na kuiweka mezani, kisha anageukia dirisha. Analetewa chai, inapoa. Analetewa chakula, anasema ameshiba. Wajukuu waliokuwa wakikimbizana humo ndani wanatoka nje wenyewe bila kufukuzwa.

"Bora angenigombeza," anasema Fundi jikoni, akijipangusa macho kwa ncha ya aproni. "Akigomba najua pa kumshika. Kanyamaza hivi, nimshike wapi?"

Mwishowe anakwenda, anakaa sakafuni miguuni pa mama na kumwambia yote: zile thelathini zilizorudi, kauli ya mwenye duka, wembe. Anaomba radhi huku analia, mwanamke mzima mwenye watoto wa sekondari, na shangazi anajifanya anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Mama anasikiliza mpaka mwisho.

"Unalikumbuka lile gauni?" anauliza. "Ulilomalizia ukiwa na miaka kumi na miwili?"

"Nalikumbuka, Mama. Mteja alilisifu."

"Alisifu mishono yangu. Wewe ulipolala, nililifumua."

Fundi anainua uso kumtazama.

"Na lililofuata. Na mengine ya mwaka mzima ule. Niliiga mpaka ulalo wa mkono wako wa kulia, usije ukanishtukia." Mama anapapasa hewani mpaka anaupata mkono wa binti yake. "Kufumua sikulaumu, mwanangu. Mteja hali huruma. Lakini mimi sikuiba kazi yako yote. Kila nguo niliacha mshono wako, chini ya kwapa au ndani ya pindo. Nilisema huyu mtoto siku moja ataniuliza kazi yangu iko wapi, nisije nikakosa pa kumwonyesha. Wewe hukuniachia hata mmoja."

Hakuna anayekohoa. Fundi ameinamisha uso kwenye goti la mama.

Kisha anainuka, anachukua nyota mpya na kuishona pembe nne. Ya tano anaiacha wazi, anamwekea mama mapajani.

"Kazi ya kunibembeleza siitaki," mama anasema.

"Si ya kukubembeleza. Bila pembe hii haiuziki."

Mama anaipapasa ile pembe iliyo wazi. Kisha anaomba atungiwe uzi maradufu, ananyoosha kidole na kuvishwa subana. "Basi tuelewane. Ikifumuka, irudi kwangu. Isipite kwako."

Jioni Fundi anampigia simu mwenye duka na kumweleza kwamba mwaka huu kila nyota itakuwa na pembe moja iliyopinda kidogo, na kwa nini. "Pembe moja tu?" anauliza mwenye duka. "Haya, zilete. Nitaona."

Si ahadi, na Fundi hajidanganyi kwamba ni ahadi. Hata hivyo ana mpango. Nyota mia tatu zikipita, anataka mwakani akodi kibanda chake barabarani, sebule irudi kuwa ya wageni. Kibanda chenyewe ameshakiona. Kina dirisha moja, na ameshapima kwa mikono kama kiti cha mama kitaenea chini yake.

"Namwomba Mungu aniwekee mama mpaka hapo," anasema. "Hilo tu. Kibanda nitakilipia mwenyewe."

Kesho yake mchana, mama ameanza kukoroma. Fundi anavuta kikapu na kukagua pembe za asubuhi moja moja. Nyingi zimeshika. Moja imelegea, pamba inachungulia, na wembe uko pale pale mezani.

Wifi anajiandaa kukohoa.

"Acha," anasema Fundi, akiiweka ile nyota pembeni, kwenye mkono wa kiti cha mama. "Nitamngoja aamke."